Pamba Ilipohama: Stesheni Zilizoachwa Kati ya Jinja na Namasagali

Mafubira leo ni sehemu ya jiji la Jinja. Tangu Julai 1, 2020, Jinja na Mbale zilipopandishwa hadhi siku moja kuwa majiji, vijiji vya upande huu vimeanza kuitwa mitaa, na barabara ya kwenda Kamuli hailali: bodaboda, taksi zilizojaa abiria, malori ya miwa yanayomwaga vijiti njia nzima. Kijana aliyezaliwa hapa miaka ya karibuni ukimwambia kwamba eneo hili la kaskazini mwa Jinja lilipata treni kabla ya Kampala, atadhani unamtania. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Reli ya Busoga ilifunguliwa mwaka 1912. Ilianzia Jinja, ikafuata upande wa mashariki wa Nile kuelekea kaskazini, ikapita Mbulamuti na kuishia Namasagali, bandari ya mtoni, mwendo wa kilomita 98 hivi. Ilikuwa reli kamili ya kwanza ndani ya mipaka ya leo ya Uganda. Ile maarufu zaidi, iliyoitwa Reli ya Uganda, wakati huo ilikuwa haijaigusa kabisa ardhi tunayoiita Uganda leo. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu Desemba 1901, ikakomea ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Mzigo wa Uganda ulivuka maji kwa meli kuifuata. Kampala yenyewe ilisubiri hadi mwaka 1915 kupata kipande chake kifupi cha kwenda Port Bell.

Sababu ya kuijenga ilikuwa mto. Nile inapotoka ziwani Jinja haipitiki kwa meli. Zamani yalianza maporomoko ya Ripon, yakafuata ya Owen, kisha Bujagali na mengine mengi, maji yakipiga mwamba kilomita baada ya kilomita. Ukishuka kaskazini mto unatulia, unapanuka, na mwishowe unaingia Ziwa Kyoga ambako meli inaweza kwenda mpaka Masindi Port. Winston Churchill, akiwa bado kijana katika wizara ya makoloni ya Uingereza, alitembea kwa miguu kutoka Jinja hadi Kakindu mwaka 1907, na katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata akahimiza reli ijengwe kuunganisha maziwa haya. Gavana Hesketh Bell alikuwa na hamu hiyohiyo. Mwanzoni mawazo yalikuwa reli iishie Kakindu, kisha ikasogezwa hadi Namasagali.

Watu wengi wanaoieleza historia hii huishia hapo, kwa Churchill na gavana. Mimi naona inabidi kutazama pia nchi ambayo reli ile iliikuta. Miaka ya kwanza ya karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaua maelfu kwa maelfu ya watu katika Busoga, hasa kando ya ziwa. Kuanzia mwaka 1906 serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki na kuwapeleka mbali na mbung'o, na vijiji vya kusini vikageuka pori. Mwaka 1908 njaa ikaipiga nchi hiyohiyo. Kwa hiyo mataruma yalipoanza kulazwa mwaka 1910, Wasoga walikuwa watu wanaotoka msibani. Katika hali hiyo waliambiwa walime pamba, na walilima, kwa sababu kodi ililipwa kwa fedha taslimu na pamba ndiyo iliyoleta fedha.

Fuata robota moja la pamba, utaielewa Namasagali. Robota la Uganda lilikuwa na uzito wa ratili 400, yaani kilo 180 na ushei, limefungwa kwa gunia na kubanwa kwa mikanda ya chuma. Chukua lile lililotoka Teso, ng'ambo ya Kyoga. Lilibebwa likapakiwa kwenye chombo ziwani. Namasagali likateremshwa, likasukumwa gatini, likapakiwa kwenye behewa. Jinja likateremshwa tena na kuingizwa kwenye meli ya Ziwa Viktoria, pengine SS Usoga, meli iliyopewa jina la nchi hii na kuanza kazi miaka hiyohiyo. Kisumu likatolewa melini likarudi kwenye behewa. Mombasa likatolewa behewani likaingia meli ya bahari kwenda Bombay au Uingereza. Kila kituo palihitajika mabega. Mzigo ambao watu wanne wanauinua kwa shida uliinuliwa na kushushwa mara nyingi namna hiyo kabla haujaiona bahari, na kila mahali ulipoinuliwa palizuka mji mdogo: makuli, makarani, mafundi wa boila, wapika chai, wenye maduka, askari. Namasagali ilikua kutokana na kazi hiyo. Ilikuwa na gati, karakana, maghala, nyumba za watumishi zilizopangwa kwa vyeo, na meli kama Stanley na Grant zikienda na kurudi Masindi Port.

Kutoka Masindi Port msafiri alipanda gari la barabarani la shirika hilohilo la reli, akalala katika hoteli ya reli mjini Masindi, akateremka Butiaba kwenye Ziwa Albert, na huko meli ya Robert Coryndon ikampeleka Kongo au Pakwach. Ilikuwa safari ya tiketi ya shirika moja kutoka Mombasa hadi mpakani mwa Sudan. Nani leo anaweza kukata tiketi ya namna hiyo Jinja? Naomba msomaji alifikirie swali hilo kidogo, maana tumezoea kuamini kwamba usafiri wa zamani ulikuwa duni kuliko wetu kwa kila hali.

Hatari ya Namasagali ilikuwa ndani ya faida yake. Palipo na kupakua na kupakia pana gharama, na wenye reli hawakupenda gharama. Huko Kenya njia mpya ilikuwa inapanda kutoka Nakuru kupitia Eldoret. Ilivuka mpaka ikaingia Tororo, ikaja kwa Nagongera, Busolwe na Busembatia, na mwaka 1928 ikaungana na Reli ya Busoga pale Mbulamuti. Kuanzia hapo robota liliweza kupanda behewa Jinja na kuteremka Mombasa bila kugusa maji. Mwaka 1931 daraja la Nile lilikamilika na treni ikafika Kampala. Mbulamuti, kijiji ambacho abiria wa leo hawezi kukitaja hata akipita karibu, kikawa makutano ya njia kuu ya Afrika Mashariki: huku Kampala na Jinja, huku Mombasa, huku Namasagali.

Stesheni ndogo za wakati ule zilikuwa na kazi ambayo wengi hawaijui. Reli yetu ni ya njia moja, upana wa mita 1. Treni mbili zinazotazamana haziwezi kupishana ila mahali palipo na reli ya pembeni, na mahali hapo panahitaji mtu wa kuamua nani asubiri. Stesheni masta alikuwa na mashine ya simu ya waya mezani. Hakuna dereva aliyeruhusiwa kuondoka mpaka stesheni ya mbele ijibu kwamba njia ni tupu na ruhusa ikabidhiwe mkononi mwake. Injini za mvuke nazo zilikunywa maji mengi, kwa hiyo kila baada ya kilomita kadhaa palijengwa tangi juu ya nguzo. Ukikuta leo nguzo za saruji zimesimama peke yake kwenye kichaka kando ya reli, huenda ndizo hizo. Injini za dizeli zilipochukua nafasi, haja ya maji ikaisha, na stesheni nyingi zikapoteza nusu ya sababu ya kuwepo kwake. Pia njia ya mkato kutoka Bukonte moja kwa moja hadi Jinja ikajengwa, treni za Mombasa zikaacha kuzunguka Mbulamuti, na makutano yale yakanyamaza.

Mbale nayo iliinuka kwa namna ambayo Namasagali ilishuka. Semei Kakungulu, aliyeuanzisha mji ule chini ya Mlima Elgon mwanzoni mwa karne, alifariki Novemba 1928. Mwaka uliofuata njia ya Tororo hadi Soroti kupitia Mbale na Kumi ilifunguliwa. Pamba ya Teso, ileile iliyokuwa ikivuka Kyoga kwenda Namasagali, ikapata behewa karibu na shamba. Kahawa ya Bugisu ikaufuata mkondo huohuo, na Chama cha Ushirika cha Bugisu kilipoundwa mwaka 1954 wakulima walikuwa na stesheni ya kupelekea mzigo wao. Sijawahi kusikia kwamba kuna mkulima aliyeulizwa bandari gani ifaidi na stesheni gani ife. Maamuzi yalifanywa Nairobi na London kwa hesabu ya tani na maili, na watu wa pande zote mbili wakajikuta wanapewa au wananyang'anywa.

Njia hiyo ya Mbale kwenda Soroti ina jambo jingine ambalo historia ya stesheni zetu haiwezi kulikwepa. Julai 11, 1989, wakati wa vita vya Teso, askari wa NRA, jeshi la serikali la wakati huo, waliwakusanya wanaume wa Mukura wakiwashuku kuwa waasi, wakawasukumia ndani ya behewa la chuma lililokuwa limeegeshwa katika stesheni ya Okungulo, wakafunga mlango. Wanaume 69 walikufa kwa kukosa hewa. Wengi hawakuwa na bunduki wala hatia. Behewa lililotengenezwa kubeba mzigo wa wakulima lilitumika kuwaua wakulima wenyewe. Leo kuna shule ya sekondari ya kumbukumbu pale Mukura. Atakayeandika juu ya reli ya mashariki mwa Uganda akasimulia injini na madaraja tu, akaiacha Okungulo, atakuwa ameandika nusu.

Turudi Namasagali, kwa sababu kifo chake kilikuja na maji. Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua ilinyesha Afrika Mashariki kwa kiasi ambacho wazee bado wanakitumia kuhesabia miaka ya watoto wao. Ziwa Viktoria likapanda zaidi ya mita 2 hadi kufikia mwaka 1964. Kyoga ikafurika, visiwa vya mafunjo vikang'oka na kuelea, gati zikazama. Namasagali, Masindi Port na Butiaba zote zilipigwa, na huduma za meli zikafungwa. Robert Coryndon, meli iliyokuwa fahari ya Ziwa Albert, ikaishia imezama Butiaba. Shirika la reli lingeweza kuzijenga upya bandari hizo, lakini halikuwa na sababu tena: njia ya Soroti ilikuwa inasogezwa mbele kupitia Lira na Gulu, na mwaka 1964 ikafika Pakwach. Mzigo wa kaskazini haukuhitaji tena meli ya Kyoga.

Wanaodhani mambo yale ni ya kale wakumbuke Mei 2020, Ziwa Viktoria lilipofikia mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja na kuipita rekodi ya mwaka 1964. Mwezi uliotangulia kisiwa kilichokuwa kikielea kilikuja hadi kwenye mitambo ya umeme ya Nalubaale na nchi nzima ikaingia gizani. Maji yaliyoifunga Namasagali hayajaenda mbali.

Kilichotokea Namasagali baadaye ni cha kujivunia. Mwaka 1965, mara tu baada ya bandari kufungwa, majengo ya reli yaligeuzwa shule. Nyumba za watumishi na maghala yakawa madarasa, mabweni na makazi ya walimu. Padre Damian Grimes, mmisionari Mwingereza wa shirika la Mill Hill, aliiongoza Namasagali College kuanzia mwaka 1967 kwa zaidi ya miaka 30, akaifanya shule ya wavulana na wasichana pamoja, yenye ndondi, dansi, tamthilia na kuogelea, mambo ambayo wazazi wengi wa wakati ule waliyaona ya ajabu. Rebecca Kadaga, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Uganda, alisoma hapo. Waimbaji Juliana Kanyomozi na Iryn Namubiru vilevile. Majengo yaliyokuwa ya mafundi wa boila yakatoa spika na wasanii. Kwa maoni yangu hakuna stesheni iliyokufa Afrika Mashariki iliyotumiwa vizuri zaidi ya hii, na inashangaza kwamba hadithi yake husimuliwa kama habari za shule tu, bila reli.

Stesheni ya Jinja haikufa kwa ghafla namna hiyo. Miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa na kazi kuliko wakati wowote. Bwawa la Owen lilifunguliwa mwaka 1954, umeme ukaleta viwanda: nguo za Nytil, majembe ya Chillington, na kiwanda cha kuyeyushia shaba. Mwaka 1956 reli ilipofika Kasese, shaba ya Kilembe ikaanza kusafiri nchi nzima kuja kuyeyushwa Jinja, kisha ikaendelea Mombasa. Treni za usiku zenye madaraja matatu ya abiria zilisimama hapa, na katika ofisi na vibanda vya ishara kulikuwa na Wahindi, Wagoa, Wajaluo, Waganda, Wasoga na Wakenya, wengi wao wakielewana kwa Kiswahili. Nchi hii mara nyingi imekionea shaka Kiswahili kwa kukiita lugha ya bunduki. Lakini kwenye reli kilikuwa lugha ya kazi, na si ajabu makazi ya watumishi wa reli yakawa mojawapo ya mahali palipolea watoto wa Kiswahili katika mashariki ya Uganda.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na pamoja na wenye viwanda wakaondoka pia makarani na mafundi wa reli. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli likagawanywa kama mali ya ndoa iliyokwisha. Uganda ikaunda Shirika la Reli la Uganda kwa mabehewa na injini ilizoambulia. Miaka ya 1980 ziliongezwa meli za kuvusha mabehewa ziwani, Kabalega, Pamba na Kaawa, lakini Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana na Kabalega ikazama. Viwanda vya Jinja vilikuwa vimekwisha kuanguka kimoja baada ya kingine. Mwaka 1997 treni za abiria zilisimamishwa nchi nzima. Kampuni ya Rift Valley Railways ilikabidhiwa reli ya Kenya na Uganda mwaka 2006, ikanyang'anywa baada ya zaidi ya miaka 10. Treni ya abiria ilirudi Desemba 2015, lakini ya Kampala na Namanve tu. Jinja na Mbale hazikurudishiwa.

Habari njema ipo. Mwaka 2022 Makumbusho ya Reli ya Uganda yalifunguliwa katika eneo la stesheni ya Jinja, kwa kazi ya Wakfu wa Utamaduni Mseto wa Uganda pamoja na Shirika la Reli, na fedha za Umoja wa Ulaya. Kenya ilikuwa na makumbusho yake ya reli Nairobi tangu mwaka 1971, sisi tumechelewa nusu karne, lakini tumefika. Nawasihi wakazi wa Mafubira na Bugembe wawapeleke watoto wao. Ni karibu, na shule zetu zinatumia fedha nyingi kwenda Kampala kutazama vitu vya mbali kuliko hivi.

Ila makumbusho ya Jinja peke yake hayatoshi kwa njia yenye historia ndefu hivi. Mbulamuti haina hata kibao kinachomwambia mpita njia kwamba hapa ndipo reli ya Mombasa ilipokutana na reli ya Nile mwaka 1928. Vyuma vya reli ambazo hazitumiki huibwa na kuuzwa kama chakavu, na jengo la stesheni lisilo na mlinzi hupoteza mabati kwanza, kisha milango, kisha matofali. Uganda imepata sheria mpya ya makumbusho na minara ya kale mwaka 2023, kwa hiyo njia ya kisheria ya kulitangaza jengo kuwa urithi ipo. Kinachosubiriwa ni halmashauri za Kamuli na Jinja kupeleka majina.

Na muda si mwingi, kwa sababu reli inakuja tena. Kazi ya kukarabati njia ya Tororo hadi Gulu, inayopita Mbale, ilianza mwaka 2023. Oktoba 2024 serikali ilitia saini na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi mkataba wa reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Reli hiyo ina upana wake na stesheni zake, haitakalia mataruma ya zamani. Naitakia heri, kwa sababu malori yanayopita daraja la Jinja mchana na usiku yanatosha kuonyesha kwamba tunaihitaji. Lakini nawaomba waichorayo waseme mapema na hadharani stesheni zitakuwa wapi, mkulima wa Busoga atapakia wapi miwa na kahawa yake, na abiria wa Mbale na Jinja watapanda saa ngapi na kwa nauli gani. Mwaka 1912 na mwaka 1928 hakuna aliyewauliza wenyeji. Safari hii wana madiwani, wabunge na redio.

Wakati huohuo makumbusho ya Jinja yatume watu wenye vinasa sauti Mbulamuti, Namasagali, Busembatia na makazi ya zamani ya reli mjini Mbale. Kijana aliyeajiriwa kupiga ishara akiwa na miaka 25, mwaka reli ilipofika Pakwach, sasa amepita miaka 85. Waanze na hao, kisha waje kwa waliokuwa kazini mwaka 1997 treni ya mwisho ya abiria ilipoondolewa, ambao wengi bado wana nguvu, wana vitambulisho vyao vya kazi, na wanakumbuka ratiba kwa kichwa.